Mama Mkwe Nyuma ya Friji

Tina alikuwa amewadanganya watu wawili kwa uongo mmoja. Aliukata katikati kama mtu anavyokata mche wa sabuni, na kila mmoja akapewa kipande chake.

Mama yake, Mama Marcelline, aliambiwa hivi: twende Jumapili tukaone ile nyumba mpya ya pizza, Didier naye atakuwepo, lakini atakaa meza yake mbali, kama desturi inavyotaka. Mume wake, Didier, aliambiwa hivi: mama ameyaacha mambo ya zamani, Jumapili tutakula wote meza moja kama watu wa leo.

Tina hakudanganya kwa kupenda. Tumbo la mimba yake ya kwanza lilikuwa limeshuka, kujifungua kumekaribia, na wanawake wa kanisani walikuwa wameanza kumwangalia tumbo kwa jicho la mtu anayepima debe la unga. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake aje kukaa naye Likasi siku za kuzaa, amkande kwa maji ya moto, amshikie mtoto, amfukuzie wale wageni wanaokuja kuona mtoto na kubaki mpaka chakula kiive. Lakini wazazi wake waliishi Kambove, na nyumba ya Tina na Didier ilikuwa ya vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala. Na kwao, watu ambao babu zao walitoka Kasai kufuata kazi za migodi, mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake. Hamshiki mkono. Hamwangalii usoni. Akikutana naye njiani anakunja kona, na kona ikikosekana anasimama na kutazama mti kana kwamba mti umemwita.

Sasa watu wa namna hiyo utawapanga vipi katika vyumba viwili?

Njia ya kuimaliza haya hiyo ilikuwepo, na kila mtu aliijua. Mkwe, ambaye kwao huitwa buko sawa na mama mkwe mwenyewe, anachukua kuku mzima mwenye uhai wake, anamleta kwa mikono yake mwenyewe, anapiga magoti, anampa mama mkwe. Mama akimpokea, basi. Watakula pamoja, watasemezana, watalala chini ya bati moja.

Kuku mmoja tu. Lakini Didier alikuwa mtu wa laboratwari. Kazi yake ilikuwa kupima mawe ya shaba na ya kobalti kiwandani, na alivaa koti jeupe lenye kalamu nyingi mfukoni, nyingine zikiwa zimekwisha wino.

"Minye?" alisema akijigusa kifua, siku Tina alipomkumbusha. "Minye muntu wa laboratwari, nibebe kuku kwapani? Batu ba kazi bakiniona?"

Maneno hayo yalifika Kambove. Mama Marcelline akajibu kwa simu, polepole, ili yasipotee njiani: "Umuambie akae na laboratwari yake. Na minye nitakaa na haya yangu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa tangu ndoa. Kisha bwana mmoja anaitwa Patrice akakodi duka la zamani ambalo zamani lilikuwa likiuza vitambaa, akajenga tanuri la matofali kama lile la mikate, akapaka ukuta rangi nyekundu na kijani, akaandika juu ya mlango: ROMA YA LIKASI. Mji wote ukataka kwenda Roma. Tina akalala akiwaza, akaamka amepata. Desturi inajua bukari, ule ugali wao. Inajua sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu, inajua chungu na kata. Lakini desturi haijawahi kusikia habari ya pizza. Itakataza vipi kitu isichokijua?

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Tina na Didier walifika wa kwanza. Didier alivaa suti ya bluu na tai, na viatu alivyokuwa anavifuta kila baada ya hatua chache, kwa sababu vumbi jekundu la Likasi haliheshimu kiatu cha mtu. Nje ya mlango kulikuwa na gari kubwa jeusi la jipu, madirisha yameshushwa nusu, na kwenye kiti cha nyuma alikaa bibi kizee mwenye kilemba cha rangi ya dhahabu, mkoba mapajani, anajipepea kwa kipande cha karatasi ngumu.

"Yambo, mama," Tina alimsalimu.

"Yambo, mutoto yangu. Muende mukule," bibi alisema, akameza mate.

Didier hakusalimu. Alikuwa ameitambua namba ya jipu. "Ni ya shefu Kazadi," alinong'ona, akanyoosha tai. "Shefu wangu wa kazi iko ndani. Tina, leo tukae muzuri. Tukae sawa batu."

Ndani, shefu Kazadi, mwanaume mpana mwenye miwani, alikuwa meza ya dirishani na mke wake. Didier aliinama kumsalimu, shefu akainua kidole kimoja. Hakuonekana mtu mwenye raha. Mara kwa mara alitupa jicho nje, kwenye jipu, na mke wake naye alimtupia yeye jicho, na jicho la mke lilikuwa zito zaidi.

Patrice mwenyewe alikuja na kofia ndefu nyeupe iliyokuwa ikimwangukia usoni. "Karibu familia! Karibu Roma! Hapa kwetu hakuna sahani," alisema kwa fahari, akaonyesha ukutani. Palikuwa na picha kubwa ya familia ya Wazungu wakicheka kwa meno yote, kila mmoja anavuta kipande kutoka kwenye ubao mmoja wa mti, na jibini inanyooka kama nyuzi kati yao. Chini iliandikwa: FAMILIA MOJA, UBAO MMOJA. "Pizza yetu ni moja, kubwa, inakaa katikati, kila muntu anavuta. Ile njo upendo."

Tina aliutazama ubao ule, kisha akautazama mlango.

Hapo mlango ukafunguka, wakaingia wazazi wake. Papa Jean, karani wa zamani wa stoo, kofia mkononi. Nyuma yake Mama Marcelline, amevaa kikwembe kipya cha kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikawa na kona. Mama aliona meza. Aliona kiti cha Didier, na kiti kitupu kinachotazamana nacho uso kwa uso. Didier naye akamwona. Akaruka kama aliyekaa juu ya kaa la moto, akageukia ukuta na kuanza kuisoma picha ya Wazungu.

"Jean," Mama Marcelline alisema kwa sauti ya kutosha Roma yote, "uniulizie mutoto wako. Ile meza ya mbali iko wapi?"

"Tina," Papa Jean alisema, "mama anauliza meza ya mbali."

Didier, akiwa amewapa wote mgongo, alisema kwa ukuta: "Tina, haukuniambia mama ameacha mambo ya zamani?"

"Tina," Papa Jean alianza.

"Nimesikia, papa," Tina alisema. "Nimesikia wote."

Mama Marcelline hakupiga kelele. Alizunguka chumba kwa macho, akaona kwenye kona friji ndefu ya soda, na nyuma yake meza ndogo ambayo Patrice alikuwa anawekea makreti. Akaenda, akashusha makreti mwenyewe, akakaa. Kutoka pale hakuonekana, ila ncha ya kilemba na kiwiko.

Wengine wakakaa. Papa Jean alichagua kiti kilichokuwa nusu ya njia kati ya meza na friji, kwa sababu aliijua kazi yake.

"Mama anasema tuagize," alitangaza.

Didier alitaka kuonyesha kwamba hakuna kilichotokea. Alipiga makofi kumwita Patrice, akaagiza pizza ya kuku kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. Shefu Kazadi hakugeuka. Alikuwa anaangalia nje.

Pizza ikaja, pana kama kifuniko cha pipa. Harufu yake ilimfanya mtoto tumboni ageuke. Patrice akaiweka katikati, akaikata kwa kisu cha gurudumu, akasimama akisubiri upendo uanze.

Hakuna aliyevuta.

"Jean," sauti ilitoka nyuma ya friji, "ile kintu iko kwenye ubao mumoja?"

"Iko kwenye ubao mumoja."

"Na buko atakula pale pale?"

"Ile njo pizza yake, yeye alilipia."

"Basi minye sikule."

"Mama," Tina alisema, "imeisha kukatwa! Kila kipande iko peke yake sasa."

"Mutoto, bukari ukiimega inakuwa bukari ingine? Imetoka kwenye moto moja, imelala kwenye ubao mumoja. Hata ukikata mpaka inakuwa punje, ni sahani moja."

Patrice, maskini, alitaka kusaidia. Alisema anaweza kupika nyingine na kuipeleka kule kwenye friji. Mama Marcelline alimshukuru kwa adabu sana na kumuuliza kama tanuri ni lile lile. Patrice alikubali kwamba ni lile lile.

"Na umuulize," sauti iliendelea, "ule mwanaume kwenye picha, mwenye kuvuta na ule mama muzee. Ni mutoto wake ao ni mukwe?"

Patrice aliitazama picha yake kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Sijue, mama. Tuliinunua vile vile."

"Mtu unaweka batu kwenye ukuta, haujue hata kama banaheshimiana."

Papa Jean alikohoa. Yeye alikuwa na njaa, na njaa humfanya karani kuwa mwanasheria. "Marcelline," alisema, "sikiliza. Desturi inataka kuku. Hapa juu ya hii pizza iko kuku. Ameletwa na nani? Na Didier. Basi Didier ameleta kuku. Mambo imeisha, tukule."

Didier alitazama juu, uso umefunguka. Hiyo haikuwa imemjia kichwani, na ilikuwa safi: hakuna manyoya, hakuna magoti.

Kiti kilisogea nyuma ya friji. Mama Marcelline alitoka. Didier akageukia ukuta. Mama aliisogelea meza, akachukua uma wa Patrice, akainua jibini kwa ncha yake kama anayefunua shuka ya mgonjwa, akachungulia.

"Kichwa iko wapi?"

Akafunua kipande kingine.

"Miguu iko wapi? Huyu kuku alitembea na nini?" Akageuza kipande kidogo cheupe. "Jean, hii ni kuku sawa vile vumbi ya mawe ni mulima. Buko anipelekee kuku mwenye kunitazama na macho. Huyu anatazama na nini?"

Akarudi nyuma ya friji. Na wakati huo huo, kama aliyesubiri zamu yake, kuku mmoja aliita uani, nyuma ya jiko. Kwa sababu umeme wa Likasi una safari zake, Patrice hakuthubutu kuweka nyama kwenye friji. Alifuga kuku wake hai kwenye banda la uani, na kila pizza ilianzia pale.

Wote waliisikia ile sauti. Hakuna aliyejifanya hakusikia, isipokuwa Didier.

"Didier," Tina alisema taratibu.

"Hapana."

"Ni pale tu. Nyuma ya mulango."

"Tina, shefu iko pale." Alisema bila kusogeza midomo. "Nikitoka na kuku hapa, kesho laboratwari yote itaniita Papa Kuku. Weye haujue batu ba laboratwari."

"Uchungu ukinishika usiku, na weye uko kazini, nani atanishika? Papa Kuku ao batu ba laboratwari?"

Didier alichukua kisu cha gurudumu, akakizungusha, akakiweka chini.

Nyuma ya friji mkoba ulifungwa, *tap*. Mama Marcelline alitoka amejifunga kikwembe chake upya. Macho yake hayakuwa makali tena. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuja na mfuko mtupu na anarudi nao mtupu. "Jean, twende. Gari ya Kambove itajaa."

Tina alimtazama mama yake akielekea mlangoni. Akashika meza kwa mikono miwili, akasimama. Kusimama siku hizi ilikuwa kazi ya hatua kwa hatua, na kila mtu alikuwa na nafasi ya kuitazama.

"Mungoje," alisema. "Naenda na nyinyi. Nitazalia Kambove."

"Tina!" Didier alisema.

"Weye ubaki na shefu wako. Mutoto akizaliwa, papa ataleta habari. Papa njo mwenye kuzoea kupeleka habari."

Aliogopa alipolisema neno hilo, kwa kuwa Tina hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Lakini miguu yake ilishaanza kwenda, akaifuata.

Didier alibaki na pizza pana kama kifuniko cha pipa. Aliitazama. Alitazama mgongo wa mke wake. Kisha alifungua kifungo cha koti la suti, akainuka, akaingia mlango wa jikoni bila kumwomba mtu ruhusa.

Kilichofuata hawakukiona, walikisikia. Banda lilifunguliwa. Kuku wote walilia pamoja kama wanakwaya waliokosana. Kitu cha bati kilianguka. Sauti ya Patrice ilisema, "Hapana ule, ule ni wa kutaga!" na sauti ya Didier ikasema neno ambalo halijawahi kusemwa laboratwari.

Alitoka na kuku mwekundu kwapani. Tai ilikuwa begani, unyoya mmoja umekwama kwenye nywele, na kwenye kiatu alichokifuta asubuhi yote kulikuwa na kitu ambacho si vumbi. Meza ya vijana waliokuja kujipiga picha ilisahau nyuso zao na kumgeuzia yeye simu. Didier alipita mbele ya shefu Kazadi bila kuinama, kwa sababu ukiinama na kuku kwapani kuku anaruka. Alifika mlangoni, mbele ya kikwembe chenye kona. Akapiga magoti yote mawili sakafuni, uso ameugeuza pembeni, akanyoosha mikono.

"Mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama Marcelline hakuharakisha. Alimpokea kuku, akampima kwa mkono, akampulizia manyoya ya kifuani kuona nyama.

"Amekonda," alisema. Akamtazama mkwe wake juu ya kichwa, pale penye unyoya, akautoa kwa vidole viwili. "Lakini iko na miguu. Simama, Didier. Utachafua suruali."

Tina alianza kulia na kucheka, akashindwa kujua kipi kilitangulia.

Walikuwa hawajafika mezani shefu Kazadi alipowakuta. Didier alijikaza kama mtu anayengoja barua ya kufukuzwa. Shefu akamshika bega, akainama sikioni.

"Ule kuku," shefu alinong'ona, "umemutoa wapi? Kumebaki wengine?"

"Shefu?"

"Mama mukwe iko mu gari tangu asubui. Muke wangu amesema kama mama yake hakule leo, na minye sitakula tena kwake." Akamtazama kuku kwa macho ya kumtamani. "Minye ni shefu, Didier. Ningeanza namna gani, minye wa kwanza?"

Akaingia jikoni. Bati likaanguka tena.

Basi walikula. Mama Marcelline alimfunga kuku mguu wa meza, akakaa uso kwa uso na Didier, akavuta kipande. Jibini ikanyooka, akaikata kwa kidole. Kipande cha kwanza alimpa Didier kwa mkono wake, kama inavyotakiwa, na cha pili akaonja mwenyewe. Wote walimtazama akitafuna.

"Ni mukate," alisema. "Mukate mwenye kusahau sombe nyumbani. Lakini inateremuka."

Akala vipande vingine. Alipomaliza akafuta mikono, akamgeukia mkwe wake, naye Tina akaona mambo ya tangu siku ya ndoa, yaliyokuwa yamepangwa vizuri nyuma ya meno ya mama, yakianza kutoka moja moja.

"Didier. Sasa tunaweza kusema. Siku ya ndoa ulinikanyaga kidole, sikusema sababu ya heshima. Ile shati ya mistari utoe, unaonekana sawa godoro. Sababu ya nini mutoto yangu anabeba maji na hili tumbo? Ndoo ni nzito kuliko kuku? Na kalamu ya nini yote ile, uko unauza?"

"Ndiyo, mama," Didier alisema. "Hapana, mama."

Papa Jean alinyoosha miguu chini ya meza, akafumba macho. Hakuna aliyemwambia apeleke neno lolote.

Kabla ya juma kwisha, Mama Marcelline alihamia sebuleni kwa Tina na mkeka wake, beseni lake na yule kuku, ambaye alitaga chini ya kiti cha Didier na hakutaka kuhama. Alimkanda mwanawe kiuno kila jioni. Aliwafukuza wageni kwa adabu kiasi kwamba waliondoka wakishukuru. Na alimsemesha Didier akiamka, akila, akivaa viatu, na pia kupitia mlango wa chumba.

Jioni moja Papa Jean alikuja kutoka Kambove kuwaona. Tina alikuwa amelala ubavu karibu na dirisha, mikono ya mama yake mgongoni, akawasikia wanaume wawili uani.

"Papa," Didier alisema kwa sauti ya chini sana, "ile kuku. Kuko njia ya kumurudisha?"

Papa Jean alifikiri. "Haiko."

"Weye ulikaa namna gani, na wa kwako? Na mama mukwe wako?"

"Minye? Minye sikumupelekea kuku hata siku moja. Mpaka Mungu alimuita. Batu bote banasema mpaka leo: Jean alikuwa na heshima na buko, hakuna sawa yeye."

Didier akasema kwa uchungu wa kweli: "Papa! Na haukuniambia?"

"Mutoto yangu alikuwa anataka mama yake," Papa Jean alisema.

Tina aliuma kanga asicheke, kwa kuwa kucheka kulikuwa kunamvuta tumbo. Mikono ya mama ilisimama mgongoni mwake.

"Didier!" Mama Marcelline aliita dirishani. "Maji ya moto iko wapi? Ao inapimwa bado?"

Uani mtu alivuta pumzi ndefu. Kisha beseni likasikika likiinuliwa, na hatua zikaja upesi.